Ufunguo Hukaa Mfukoni mwa Anayetembea

Ufunguo siutoi. Naanza na hilo ili baadaye asije mtu akasema nilimzungusha. Vijana wa mtaa wetu wa Fisksätra, na nyinyi wa mtaa wa Spånga mnaokuja kusaidia kwa ajili ya chakula, nimewasikia. Mnasema Mama Wanja amezeeka, kazi alishastaafu, mbona hataki kutuachia fataki za mwaka mpya. Mmenunua kisanduku kipya kinachowasha kwa simu. Mjukuu wangu alikileta jikoni kwangu, akagusa kioo kwa kidole, na taa ndogo mezani ikawaka karibu na bakuli la sukari. Nikamuuliza ufunguo unaingia wapi. Akanijibu Kiswidi, kama anavyonijibu kila kitu.

"Det behövs inte, Shosho."

Hauhitajiki, alimaanisha. Basi kaeni niwaambie kwa nini unahitajika. Mkimaliza kunisikiliza mkaniona bado nina kichwa kigumu, sawa, mtakuwa mmeniona vizuri.

Mimi sikuzaliwa na baruti. Nilikuja Stockholm nikimfuata mume aliyekuwa akisoma, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia karakana moja Sundbyberg, karakana ya kampuni ndogo ya fataki ambayo siku hizi haipo tena. Aliyeongoza kazi pale alikuwa mzee wa Kiswidi jina lake Birger. Sikio lake moja lilikuwa limekufa, na nyusi zilikuwa zimeungua na kuota tena mara nyingi mpaka zikakata tamaa. Jioni moja alinikuta nimechuchumaa juu ya rundo la nyaya zilizofungamana, ambalo wenzake walikuwa wamelisukumia pembeni. Nilikuwa nalifumua. Hakuna aliyenituma. Nilichoka tu kulifagia nikilizunguka kila siku, na mtu anayesuka nywele za watoto wasiotulia hawezi kushindwa na waya.

Birger alisimama akanitazama mpaka waya wa mwisho ukalala sawasawa sakafuni.

"Jumatatu unaanza kazi," akasema.

"Nafanya kazi hapa tayari."

"Huko ni kufagia."

"Kufagia nako ni kazi."

Akafikiri. Akasema ni kweli. Akauchukua ufagio, akamalizia yeye.

Nilipompigia mama yangu kule Nakuru kumpa habari, alinifanya niirudie mara mbili.

"Kwa hivyo umepanda ndege," akasema mwishowe, "ukaenda Ulaya, kulipua vitu."

"Ni fataki, mama. Za sherehe."

"Na wenye nchi wako wapi wewe ukilipua?"

"Wako nyuma ya kamba."

"Ndiyo hayo. Wao wako nyuma ya kamba."

Siku zile nyingi tuliziwasha kwa mkono. Unashika kijiti kirefu chenye moto, unauelekea mrija wenye fataki ndani, unagusa utambi, unageuza uso, unaondoka. Unaondoka, hukimbii, kwa sababu kwenye theluji anayekimbia ndiye anayeanguka. Birger alikuwa na uso wa mtu aliyewahi kukimbia. Kisha umeme ukaja kwetu, na nilipouona mara ya kwanza ukifanya kazi nililia, sioni haya kusema. Kiwashio chenyewe ni kitu kidogo, kichwa kama cha njiti ya kiberiti, mkia wa nyaya mbili. Umeme ukipita, kichwa kinashika moto, na moto unauambia utambi maneno yake. Wewe uko mbali, nyuma ya kamba, kidole kimoja juu ya kitufe, na mbingu inafunguka. Nilihisi mtu amenipa mkono mrefu kama barabara.

Lakini kitu kinachokutii kutoka mbali kinamtii mtu yeyote kutoka mbali. Kitufe hakijui kidole cha nani. Kwa hiyo kisanduku chetu kilikuwa na ufunguo, wa chuma, mdogo kama wa kabati. Bila ufunguo, kitufe ni mapambo. Siku yangu ya kwanza uwanjani Birger aliuchomoa, akachomoa na nyaya kuu zote, akaniwekea ufunguo kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa mkono wake.

"Anayeingia kwenye mirija ndiye anayekaa nao," akasema. "Si mimi."

"Kwani sikuamini?"

"Niamini. Lakini mimi ni mtu, na mtu huegemea vitu."

Hiyo ndiyo sheria. Nimefanya kazi na wakali na wapole, waliosoma na ambao hawakusoma, na sijapata sheria nyingine nzuri kuliko hiyo. Ufunguo hukaa mfukoni mwa anayetembea. Akiwa kule katikati ya baruti yote, hakuna anayeweza kumfanyia lolote, hata kwa bahati mbaya, hata kwa haraka, hata kwa mapenzi. Mpaka arudi mwenyewe kwa miguu yake.

Kuna mengine ya mikono, na hayo nawapa bure. Ncha za waya za kiwashio hubaki zimesokotwa pamoja mpaka dakika ya kuziunga. Ukiwa na haraka ya kuzifumua, rudi nyumbani ukapike. Waya wa Desemba si waya wa Juni: baridi inaufanya mgumu kama tambi mbichi, kwa hiyo uache ulegee kidogo, usiuvute ukanyooka, maana utakatika ndani na nje utaonekana mzima. Pima kwa kipimo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu, mkiwa nyote nyuma ya kamba. Usiinamie mrija hata kama umeangusha pete ya ndoa ndani yake. Na uvae pamba.

Hilo la pamba lilimkuta Leonidas. Leonidas ni Mrundi, mnamjua, yule mzee wa Fisksätra anayewasalimia wote mnaoshuka treni ya Saltsjöbanan. Alifika nchi hii kama mkimbizi, akapata kazi ya kutunza majengo, na msimu wa fataki alikuwa anakuja kutusaidia. Siku moja aliingia uwanjani na sweta jipya la buluu lenye kumetameta. Birger akamgusa bega, pakalia cheche ndogo, tak.

"Nailoni," Birger akasema. "Vua."

Nikamtafsiria.

"Mwambie ni zawadi ya mke wangu," Leonidas akasema.

"Mwambie ni zawadi nzuri. Avue."

Akavua. Akasimama kwenye theluji na fulana, mikono kwapani. "Bon," akaniambia, "mwambie mzee baruti isijisumbue. Baridi itanimaliza kwanza."

Mke huyo aliyetoa sweta aliitwa Espérance, na habari yenyewe ninayotaka kuwapa ni yake.

Nyinyi mmezaliwa hapa. Kwenu mlio wa fataki ni mlio wa fataki. Espérance alikuwa ametoka mahali ambapo mlio wa namna ile ulimaanisha chukua mtoto, acha viatu. Kila mkesha wa mwaka mpya, watu walipoanza kurusha roketi kutoka kwenye baraza za ghorofa, yeye aliingia bafuni, akafunga mlango, akafungua bomba la maji mpaka mwisho. Leonidas alikuwa anakaa sakafuni upande wa pili wa mlango akimsimulia mambo ya kazi ili asikie sauti. Mwaka hadi mwaka. Mwisho akamwambia mumewe kwamba hii ni mara ya mwisho. Ama mwaka huu ataumalizia nje, macho wazi, ama atahama Stockholm, aende kaskazini mahali penye miti tu, hata kama ni peke yake.

Leonidas aliniambia haya ndani ya treni, akitazama dirisha. Hakutaka kuhama. Alikuwa na watu wake Fisksätra, kwaya yake, funguo zake za majengo. Zaidi ya hayo, hakuweza kumwazia Espérance peke yake mahali popote.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya karakana, na jumuiya yetu ilikuwa imeanza kufanya fataki zake yenyewe, za burudani tu, kwa kibali cha polisi, uwanjani chini ya ghorofa. Tulizifanya mapema jioni, maana Desemba giza la hapa huingia watoto wakiwa bado wanatoka kula cha mchana. Vuli ile nilikuwa nafundisha watu kuunga nyaya, mezani, bila baruti. Wiki moja Leonidas alikuja na mkewe. Espérance alikaa koti limefungwa mpaka shingoni, mkoba magotini, mpaka nilipomaliza.

"Mama Wanja," akasema, "nani anaamua saa ya kulia?"

"Mwenye ufunguo."

"Na mwenye ufunguo anaamuliwa na nani?"

"Hakuna."

Akauweka mkoba chini. Kutoka jioni ile hakukosa somo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, na alikuwa mkali, akiona mtu amesokota ncha ovyo anamwambia, "Hii si mkia wa mbuzi, rudia."

Mnadhani watu walifurahi? Kwenye mkutano wa wapangaji bibi mmoja mwenye moyo mzuri alisimama akasema haifai kumweka mtu aliyetoka vitani karibu na baruti. Afadhali wafungue chumba tulivu, chenye mishumaa na chai. Mwenyekiti wetu, Mkenya mwenzangu, mtu wa tai hata Jumamosi, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikaanza kuinuka. Espérance akanivuta sketi nikae.

"Chai nitakunywa," akasema kwa Kiswidi chake cha polepole. "Baadaye."

Nataka mlishike hilo, kwa sababu bado wapo wanaotuletea chumba tulivu. Sasa mji unasifu taa zinazorushwa angani bila sauti, na ni nzuri, nimeziona. Mbwa wanazipenda, sawa. Lakini asije mtu kuniambia kwamba aliyesikia bunduki hana haki ya kitu kingine ila ukimya. Ukimya alikuwa nao, bafuni.

Siku ikafika. Tulipanga mirija kukiwa na mwanga, mwanga ule wa saa chache unaokaa juu ya ghuba kama maziwa. Espérance aliunga safu ya mwisho kwa mikono yake, ile yenye ua kubwa la dhahabu la kufungia. Theluji ilikuwa inadondoka, basi tukafunika midomo ya mirija kwa foili ya jikoni, kila mmoja, tukaibana pembeni isiingie unyevu. Tukafunga kamba. Tukaenda kusimama kwenye meza ya kisanduku.

Watu wakajaa. Watoto na sledi zao za kuteleza thelujini, wanakwaya, majirani wa Kiswidi na termosi zao. Giza lilipokaa sawa nilipima. Taa za kijani ziliwaka moja baada ya nyingine, nzuri kama mboga, mpaka ya mwisho. Ya mwisho ikakataa.

Ilikuwa ile ya dhahabu.

Nikapima tena. Giza. Mwenyekiti akanisogelea, pumzi yake ikitoa moshi.

"Iruke hiyo," akasema. "Zingine si ziko sawa? Watu wanaganda."

"Siwashi kitu."

"Mama Wanja, moja tu."

"Hiyo moja ikibaki imejaa, kesho nani anaichungulia? Mimi, au hawa wenye sledi?"

"Nimeahidi watu saa."

"Ungewaahidi mwaka."

Nikachomoa nyaya kuu. Nikachomoa ufunguo. Nikaanza kufunga koti langu, na mkono wenye glavu iliyokatwa vidole ukaja mbele yangu, kiganja juu.

"Nipe," Espérance akasema. "Ile niliunga mimi."

Leonidas alikuwa upande wake. "Espérance. Hapana. Aende Mama Wanja."

"Ni wewe ulinihadithia mlangoni," akamwambia. "Anayetembea anakaa na ufunguo, hakuna wa kumpiga. Ulikuwa unanidanganya ili nilale?"

Leonidas akarudi hatua moja, akampisha.

Nikampa ufunguo. Nikakifunga kiganja chake kwa mkono wangu, kama nilivyofungiwa mimi. Akapita chini ya kamba.

Tulimwona akienda, umbo dogo na tochi, theluji ikimshuka mabegani. Akafika safu ya mwisho. Akasimama ubavuni mwa mrija, hakuinama juu yake, nami nikasema moyoni, vizuri. Akapiga goti. Akafanya kazi. Akainuka. Na wakati huo huo, ng'ambo ya ghuba, mtu asiyejua habari zetu akafyatua roketi, na mlio ukaja juu ya maji, mkavu, mmoja.

Espérance akachuchumaa mikono kichwani.

Leonidas akaiendea kamba kama haipo. Nilimshika koti. "Usiingie," nikamwambia. "Ufunguo anao yeye. Hakuna kitu Stockholm nzima kinachoweza kumgusa pale."

"Anaogopa."

"Aogope. Lakini yuko salama, na yeye anajua."

Tukangoja. Nilikuwa naomba, siwafichi. Kisha tochi ikasogea. Akasimama. Hakurudi, alisimama tu. Tuliuona mkono wake ukiingia mfukoni na kukaa humo. Akageuka polepole akazitazama ghorofa, madirisha yote yale yenye nyota za karatasi, kama mtu anayetazama nyumba anayofikiria kuinunua.

"Anafanya nini kule?" mwenyekiti akauliza.

"Yuko."

"Mwambie arudi."

"Mwambie wewe. Ufunguo anao."

Mwenyekiti akavuta pumzi ya kuita, akatazama uwanja, akaishia kupuliza vidole vyake. Watoto wakaanza kuteleza kwenye sledi. Kwaya ikaanza kuimba kwa ajili ya miguu baridi. Mji mzima ulikuwa umewekwa kungoja, na aliyeuweka alikuwa mwanamke wa bafuni.

Aliporudi alikuwa na kipande cha foili mkononi. Alikitandaza mezani chini ya tochi. Tulikuwa tumeibana midomo ya mirija ovyo, mradi isiingie maji. Hiki kilikuwa kimekunjwa upya vizuri, kona kwa kona, kama inavyokunjwa foili ya sinia la harusi baada ya mtu kuonja.

"Waya umevutwa," akasema. "Nani alikuwa anatafuta sambusa?"

Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ilikuwa bado mchana," akasema hatimaye. "Hamkuwa mmefunga kamba. Niliona foili."

"Kwenye mrija?" nikauliza.

"Ilikuwa imefunikwa vizuri, Mama Wanja. Nilidhani ni za wageni."

Leonidas ndiye aliyeanza kucheka, cheko la mtu aliyekuwa karibu kulia, na Espérance akamfuata, na kwaya ikapoteza wimbo. Mwenyekiti akacheka wa mwisho. Ni mtu mzuri. Ana njaa tu.

Nikaunga nyaya kuu. Espérance akauingiza ufunguo, akauzungusha. Nikapima: kijani, kijani, mpaka ya mwisho, kijani. Nikasogea pembeni. Akavua glavu.

"Sasa," akasema, kwa sauti ndogo, akabonyeza. Mbingu ikapasuka nyekundu. Mabega yake yalipanda, yakashuka. "Sasa," akasema tena. Nyeupe. Alikuwa anauambia mlio kabla haujaja, na mlio ukawa unakuja ukiwa umechelewa, kama mtumishi. Sasa. Sasa. Leonidas alisimama nyuma yake bila kumgusa.

Mwenyekiti akainama. "Tunaweza kuongeza kasi kidogo?"

"Nitapiga nikitaka," Espérance akasema.

Ikabaki ya dhahabu. Akaweka kidole juu ya kitufe na hakubonyeza. Moshi ulitambaa ukaelekea majini. Mtoto mmoja aliuliza kama imekwisha, mama yake akamwambia shh. Tulisikia treni ikisimama kituoni na kuondoka.

"Kule," Espérance akasema, kwa Kiswahili, akiwa hatazami mtu, "hakuna aliyewahi kuningoja niwe tayari."

Akangoja kidogo zaidi, kwa sababu aliweza. Kisha akabonyeza, macho wazi, na lile ua likafunguka juu ya ghorofa zote, likashuka polepole kama linatafuta mahali pa kukaa.

Hawakuhama. Mnawaona wenyewe pale kituoni.

Kwa hiyo mnapokuja na simu yenu mkaniambia hakuna haja ya kutembea, mimi nasikia kitu kingine. Nasikia kwamba mtu akiwa kule gizani, uhai wake unakaa kwenye kidole cha mwingine, chenye baridi, chenye haraka, chenye kuvuta picha na kutuma ujumbe. Siipingi mitambo. Niliulilia umeme kabla hamjazaliwa. Tafuteni kisanduku chenye tundu la ufunguo, viko vingi, kisha njooni tukae mezani tusokote nyaya. Kile kingine hakiingii uwanjani nikiwa hai, na jina langu bado liko kwenye kibali.

Na msije nyumbani kwangu kupekua droo mkidhani nimeuficha. Haupo. Espérance alipita asubuhi kuuchukua. Ameshuka uwanjani kupima theluji, na nimeambiwa kuna kijana wenu mmoja amesimama kwenye kamba anamwita arudi, ana baridi.

Uko mfukoni mwake. Mngojeeni.